Breka inakata kila ukiwasha transfoma: usikimbilie kuongeza ampea

Umewasha transfoma, breka imekata papo hapo. Umeirudisha, imeshika, kazi imeendelea mpaka jioni bila shida. Kesho yake asubuhi imekata tena mara mbili ndipo ikashika. Ikiwa hivyo ndivyo inavyokutokea, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna kilichoharibika. Huna shoti, hujazidisha mzigo, na breka yenyewe huenda ni nzima kabisa. Kinachoikata ni mkondo mkubwa ambao transfoma huuvuta kwa muda mfupi sana pale inapopata umeme.

Naandika haya kwa sababu karibu kila karakana ninayoitwa kwa tatizo hili nakuta mtu amenitangulia na dawa ileile: ametoa breka ya ampea 16 akaweka ya 32, wengine mpaka 40, na waya ni uleule wa milimita za mraba 2.5. Breka kweli imeacha kukata. Lakini waya huo sasa hauna wa kuulinda. Siku mashine ikikwama na kuvuta ampea 30 kwa nusu saa, breka itakaa kimya huku waya ukipika plastiki yake ndani ya bomba la ukutani, kwenye chumba kilichojaa maranda. Jambo hili linanikera na kunitia hofu, na linaweza kuepukwa kwa gharama ndogo.

Nitatumia mfano mmoja wa Keko hapa Dar es Salaam, kwa mzee mmoja seremala. Ana randa na msumeno wa umeme wa Kijapani, mitumba, vya volti 100. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo anatumia transfoma ya kushusha ya kVA 3, kVA ikiwa kipimo cha mzigo inaoweza kubeba. Alipohamia karakana mpya, breka ikaanza kukata. "Fundi," aliniambia, "transfoma ni ileile, mashine ni zilezile. Kule nilikotoka haikuwahi kukata hata siku moja." Maneno hayo yalinisaidia kuliko kipimo chochote, na nitaeleza kwa nini.

Kinachotokea ndani ya chuma

Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Sumaku ndani ya chuma cha transfoma huufuata, lakini kwa kuchelewa robo ya mzunguko: volti ikiwa kileleni, sumaku iko sifuri, volti ikiwa sifuri, sumaku iko kileleni. Mambo yakishatulia hakuna tatizo.

Shida iko kwenye kuwasha. Kidole chako hakijui volti iko wapi wakati huo. Ukibahatika swichi ikagusa volti ikiwa kileleni, sumaku inaanzia sifuri kama inavyotakiwa, na transfoma inawaka kimya. Swichi ikigusa volti ikiwa sifuri, nusu mzunguko mzima unaisukuma sumaku upande mmoja, nayo inaelekea kufika mara mbili ya kilele chake cha kawaida. Ongeza na sumaku iliyobaki kwenye chuma tangu ulipozima jana. Watengenezaji hawaweki chuma cha kubeba kiasi hicho, kwa sababu chuma ni ghali na kizito. Basi chuma kinashiba, na koili ambayo kazi yake ilikuwa kuuzuia mkondo inabaki kama waya mtupu. Mkondo unapanda mpaka mara 10 au 15 ya ule wa kawaida. Transfoma za duara, zile toroidi, hupita hapo kwa urahisi, kwa kuwa chuma chake hakina mwanya wowote na hubakiza sumaku nyingi.

Kilele cha kwanza huja ndani ya milisekunde 10 tu, kisha vinavyofuata vinapungua. Kwa transfoma ndogo, sehemu ya sekunde inatosha kila kitu kutulia. Ndiyo maana breka hukata leo na kushika kesho: inategemea umewasha wimbi likiwa wapi na jana ulizima likiwa wapi.

Sasa rudi kwa mzee wa Keko. Kule alikotoka alikuwa mwisho wa laini, mbali na transfoma ya mtaani, na waya mrefu mwembamba ulikuwa unaubana ule mkondo bila yeye kujua. Karakana mpya iko karibu kabisa na nguzo yenye transfoma. Njia imekuwa fupi na pana, kwa hiyo mkondo unapita wote. Umeme ulipokuwa dhaifu, breka ilistahimili; ulipokuwa mzuri, ikaanza kukata. Ukisikia mtu anakwambia tatizo limeanza baada ya kuhama, au baada ya laini ya mtaani kuboreshwa, anzia hapo.

Hakikisha kwanza ndiyo yenyewe

Angalia kwanza ni kifaa gani kilichoanguka. Ikiwa ni RCD, ile yenye kitufe cha kujaribu, tafuta umeme unaovujia kwenye eathi. Hiyo ni kazi nyingine. Ikiwa ni breka, uliza inakata lini. Inayokata baada ya dakika kadhaa ikiwa ya moto imezidiwa na mzigo. Inayokata kila unapowasha, bila kukosa hata mara moja, ina shoti mbele yake mpaka uthibitishe vinginevyo. Inayokata mara nyingine na mara nyingine ikashika, na ikishika haikati tena siku nzima, hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Chomoa mashine zote kwenye upande wa volti 100 uwashe transfoma peke yake. Kama bado inakata, tatizo ni la transfoma. Watu wengi hudhani kuondoa mzigo kutaiponya, lakini chuma hushiba vilevile hata kama hujachomeka kitu.

Baada ya hapo zima meni swichi, hakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme, kisha pima koili dhidi ya chuma kwa mega ya volti 500, yaani kipima uvujaji kati ya waya na chuma. Chini ya megaomu moja usiendelee; transfoma hiyo ina unyevu au koili imechubuka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni taa ya mfululizo. Kwa transfoma ya kVA 3 tafuta taa ya halojeni ya wati 500, zile za kumulika uwanja. Kwa transfoma ndogo za chini ya nusu kVA, globu ya zamani ya wati 100 inatosha. Globu za LED hazifai hapa. Unganisha taa kwenye waya wa laivu kabla ya transfoma, upande wa pili ukiwa mtupu, kisha washa. Transfoma nzima itafanya taa imulike kwa kufumba na kufumbua, halafu ififie mpaka ibaki waya mwekundu tu ndani ya kioo, au izimike kabisa. Zima, washa tena. Safari nyingine mmuliko ni mkali, nyingine ni hafifu, nyingine huoni kitu. Nilimwita mzee asogee aangalie. Alitazama taa, akatazama breka, akasema, "Kumbe ndiyo hiyo inayoikata." Ndiyo hiyo.

Taa ikibaki inawaka kwa nguvu bila kufifia, koili zimegusana ndani. Transfoma hiyo haihitaji breka nyingine, inahitaji kusukwa upya.

Kisha iwashe moja kwa moja na upime mkondo wa bila mzigo kwa klampu mita, ile inayobana waya kwa nje. Transfoma ya kVA 3 kwa volti 230 mkondo wake kamili ni ampea 13. Ikiwa tupu, ukiona ampea moja au chini yake ni sawa. Ukiona tatu, chuma kinashiba hata wakati wa kazi ya kawaida. Hili nalikuta sana kwenye transfoma zilizosukwa mitaani, ambapo aliyesuka alipunguza mizunguko ili kuokoa shaba. Nalikuta pia kwenye transfoma zilizoandikwa 60 Hz tu, kama nyingi zinazotoka Marekani. Kwa volti ileile, umeme wa 50 Hz huongeza sumaku kwa asilimia 20 juu ya ile ya 60 Hz. Inanguruma, inapata moto, na kuwaka kwake asubuhi ni kwa kishindo. Usitegemee klampu mita ya kawaida ikuonyeshe kilele cha kuwashia, maana inasoma polepole mno. Inayoweza ni yenye kitufe maalumu cha kushika mkondo wa kuanzia.

Soma herufi iliyo mbele ya namba

Kwenye uso wa breka kuna maandishi kama B16, C16 au D16. Namba ni ampea ambazo breka inaruhusu zipite kwenye waya wako siku nzima. Herufi inasema breka itavumilia kishindo cha ukubwa gani kabla ya kukata papo hapo: B hukata kati ya mara 3 na 5 za namba yake, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya mara 10 na 20.

Kwa hiyo B16 inaweza kukata kuanzia ampea 48, na ikifika 80 lazima ikate. C16 ni kati ya 80 na 160. D16 ni kati ya 160 na 320. Transfoma yetu ya ampea 13, ikipiga mara 10 tu, tayari ni 130. Mzee alikuwa na B16. Hapo hakuna cha kushangaza.

Ulinzi wa waya dhidi ya kuzidiwa polepole ni uleule kwa herufi zote tatu. B16 na C16 zote zitakata ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45 ya namba, yaani kama ampea 23. Ndiyo sababu nasema badilisha herufi, namba iache ilipo. Namba inatokana na waya: 1.5 kwa taa, breka ya 10, 2.5 kwa soketi, breka ya 16 au 20 kutegemea waya umepita wapi. Transfoma haina sauti kwenye namba hiyo, isipokuwa uvute waya mnene zaidi.

Na nunua breka kwenye duka unaloliamini. Zipo za bandia ambazo herufi imechapwa tu, na ndani hakuna tofauti kati ya B na C. Kipengele hiki kikikosewa, hesabu zote za hapo juu hazina kazi.

Kabla ya kuweka C au D

Herufi kubwa inavumilia kishindo cha transfoma, lakini inavumilia vilevile kishindo cha shoti. Ili breka ikate haraka wakati wa shoti, mkondo wa shoti lazima uvuke kikomo cha juu cha herufi. Gawanya: volti 230 kwa ampea 80 za B16 ni omu 2.87. Kwa C16 ni omu 1.44. Kwa D16 ni omu 0.72. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha ukinzani wa njia nzima, kutoka transfoma ya mtaani mpaka soketi yako na kurudi, na inafaa ubakize nafasi chini yake. Karakana iliyo mwisho wa laini ndefu huenda isifike 0.72 kabisa. Hapo D16 itakuwa imetundikwa tu ukutani. Shoti ikitokea, itachukua sekunde kadhaa za moto kabla haijakata. Pima kwa kipima njia ya shoti, laivu kwa nyutro na laivu kwa eathi. Kama huna, muite fundi aliye nacho, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Upande wa eathi kuna jambo kubwa zaidi. Nyumba ikitegemea eathi rodi yake peke yake, tuseme rodi ina omu 20, basi laivu ikigusa bodi ya mashine mkondo utakaopita ni 230 kugawa kwa 20: ampea 11 na nusu. Hakuna breka ya 16 itakayokata kwa hiyo, iwe B, C au D. Bodi itabaki na umeme mpaka mtu aiguse. Kwenye karakana ya namna hii RCD ya miliampea 30 ni lazima, na mimi siwashi kazi bila hiyo. Kwa mzee haikuwepo. Tuliiweka kabla ya kugusa breka.

Punguza kishindo chenyewe

Njia ya bure ianze. Transfoma nyingi zina pointi za kuingizia umeme zilizoandikwa 220, 230, 240. Ya mzee ilikuwa imefungwa kwenye 220. Tuliihamishia 240. Mizunguko inakuwa mingi zaidi, sumaku inapungua, na mkondo wa bila mzigo unashuka pamoja na kishindo. Volti za upande wa pili zinapungua kama asilimia nane kutoka zilipokuwa, na kwa randa yenye brashi hutaona tofauti. Ukiwa na transfoma yenye pointi hizi, fanya hili kabla ya kununua chochote.

Baada ya hapo tukaweka C16. Ilitulia sana, lakini kwa mara chache bado ilikata. Ningeweza kuweka D16 na kuondoka. Sikutaka, kwa sababu kishindo hicho hakiumizi breka peke yake. Kinapiga pia viunganisho na swichi, na taa za jirani zinacheza. Niliona heri kuuzuia mkondo pale unapoanzia.

Kuna vifaa vidogo vya duara, vyeusi au vya kijani, vinavyoitwa thamista za NTC. Zikiwa baridi zinabana mkondo, zikipata moto zinauachia. Kwa amplifaya au transfoma ndogo inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni nzuri na rahisi. Kwa karakana sizipendekezi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, thamista bado ni ya moto na haibani kitu, na hapo ndipo unapoihitaji.

Nilichofunga ni resista, yaani kifaa cha kubana mkondo, na kontakta, yaani swichi inayovutwa na umeme. Resista ya waya ya omu 22, wati 100, inakaa kwenye laivu kabla ya transfoma. Kilele cha volti ni 325, kwa hiyo mkondo hauwezi kupita ampea 15 hata swichi igonge pabaya. Sambamba na resista kuna mguso wa kontakta ya ampea 32. Taima inaanza kuhesabu umeme unapofika, na baada ya nusu sekunde inaivuta kontakta, nayo inairuka resista. Kuanzia hapo transfoma inapata umeme wote kama kawaida. Kwa transfoma ya kVA 1 tumia resista ya omu 47.

Mambo matatu ya kushika hapa. Taima iwe ya kurudi sifuri mara umeme unapokatika, vinginevyo mkatiko mfupi utaipita. Resista ifungwe kwenye bati, mbali na mbao na maranda, na fyuzi ya joto ibanwe juu yake, kwa sababu kontakta ikigoma kuvuta na mtu akawasha randa, resista itageuka jiko. Na randa isiwashwe pamoja na transfoma. Subiri usikie kontakta imegonga. Mzee nilimwonyesha mlio huo mara moja, naye akawaonyesha vijana wake.

Umeme unaporudi

Sehemu inayosahaulika ni pale umeme wa mtaa mzima unaporudi. Transfoma, stabilaiza, mashine ya weldingi ya koili na friji ya soda ya mlangoni vyote vinawaka kwa pamoja, na inayokata ni meni swichi. Usibadilishe meni swichi kwa sababu hiyo. Zipe taima muda tofauti: ya kwanza nusu sekunde, ya pili sekunde tano, friji dakika tatu kwa kifaa chake cha kulinda. Kwa asiye na taima, awafundishe vijana kuzima swichi za mashine zote umeme unapokatika na kuziwasha moja moja unaporudi. Kwenye jenereta ndogo hili ni la lazima zaidi, maana huko breka huenda isikate ila volti zinaporomoka na injini inazima. Washa transfoma kwanza ikiwa tupu, iache itulie, ndipo uchomeke mashine.

Ukimaliza, andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa sanduku la breka: transfoma kVA 3 kwenye pointi ya 240, waya 2.5, breka C16, RCD miliampea 30, taima nusu sekunde, na ukinzani uliopima pamoja na tarehe. Atakayefuata akitaka kuweka 32 ataona kwanza waya ni wa ngapi.